Kifaru Kinachochemsha Maji

Wiki hii siandiki juu ya bei ya mihogo wala juu ya barabara. Naandika juu ya mchezo, lakini mchezo huo ulileta maneno mazito katika lupango la mjomba wangu hapa Kalemie, na nafikiri maneno hayo yanatuhusu wote tunaokaa kandokando ya ziwa hili. Ni habari ya kifaru kidogo cha telekomande, kile cha kuchezea, ambacho mjomba alikitoa moyo wa umeme na kukitia moyo wa mvuke.

Mjomba wangu sasa ni mzee. Alipokuwa kijana alijifunza ufundi katika atelie ya reli, chini ya wazee waliojua mashine za mvuke tangu siku za ukoloni. Baadaye alifanya kazi katika chumba cha moto cha kiwanda cha nguo, kule ambako maji yalichemshwa mchana na usiku. Kwa Kifaransa chungu kikubwa cha namna hiyo wanakiita chaudière, na wafanyakazi wenyewe walisema shodieri. Mimi nitasema chungu tu, maana kwa kweli ni chungu: maji ndani, moto chini, na kifuniko kisichofunguka. Tofauti na chungu cha bugali ni hiyo ya kifuniko, na hatari yote imo humo.

Mzungu mmoja wa kiwanda alipokuwa akiondoka, miaka mingi iliyopita, alimwachia mjomba sanduku la vitu: bisibisi, vitabu, taa ya mezani, na hicho kifaru. Ni mfano wa Leopard, kifaru cha Ujerumani, kilichotengenezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani. Kampuni hiyo ilianza kuuza vifaru vya telekomande vya kipimo cha 1/16 katika miaka ya 1970. Kipimo hicho maana yake ni kwamba vifaru 16 vya namna hiyo ukivipanga mkia kwa pua, unapata urefu wa kifaru kimoja cha kweli. Bodi yake ina sentimita 44 hivi. Kilikaa juu ya kabati miaka na miaka. Mota yake ilikuwa imeungua, mzinga umevunjika, na batri yake kubwa ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe.

Mjomba alipokiteremsha na kukipangusa, maneno yalianza siku hiyohiyo.

Wa kwanza kusema alikuwa dada yangu mkubwa. Dada anakaa kwa mjomba na watoto wake watatu tangu walipokimbia vita kutoka upande wa kaskazini. Walitembea kwa miguu, na njiani waliviona vifaru vya kweli. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema kwa heshima lakini bila kutabasamu: "Mjomba, mimi hiyo kitu siitaki mu hii lupango. Batoto balishaona ya kutosha." Mjomba hakubishana naye. Alimwambia tu, "Nimesikia, mama," akakifunika kwa gunia.

Wa pili alikuwa binamu yetu anayeishi Ubelgiji. Tulimtumia foto kwa simu. Yeye alijibu kwamba huko Ulaya kuna watu wanaokusanya vitu kama hivyo, kwamba kitu cha zamani hakiguswi, na kwamba kukitoboa tundu moja tu ni kukiua bei. Alisema tukitume, atatafuta mnunuzi. Watoto watatu wanadaiwa pesa za masomo kila mwezi, na neno kama hilo halipiti hewani hivihivi. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa binamu, na nilimwambia mjomba hivyo.

Mjomba alitusikiliza wote siku mbili. Siku ya tatu akasema atakachofanya. Kwanza, hatatoboa kitu chochote ambacho hakiwezi kurudishwa. Kila skrubu itakayotoka itaingia katika kopo la maziwa na kuandikwa. Mota iliyoungua itaingia humo. Mtu akitaka kesho kukirudisha kilivyokuwa, atakirudisha. Pili, mzinga hautarudi. Kile kichwa kinachozunguka juu na bunduki zake, kitatoka chote, na mahali pake kitakaa chungu. "Kisha mtaniambia," akasema, "kama kinachobaki ni kifaru."

Hapo ndipo alipotufundisha jambo ambalo mimi, mwandishi wa habari, nilikuwa silijui. Nilidhani minyororo ile ya chuma chini ya kifaru ilibuniwa na wanajeshi. Kumbe hapana. Ilibuniwa kwa ajili ya kuvuta mizigo, na mashine zake za kwanza zilizofanya kazi kweli zilikuwa za mvuke. Mwaka 1901, huko Maine, Marekani, Alvin Lombard alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya mvuke yenye minyororo, iliyovuta magogo juu ya theluji. Mwaka 1904, huko Stockton, California, Benjamin Holt alitoa magurudumu ya nyuma ya trakta yake ya mvuke na kuweka minyororo, kwa sababu udongo wa mashamba ya huko ni laini na magurudumu yalizama. Uzito ukitandazwa juu ya mnyororo mrefu, udongo unaweza kuubeba. Kampuni ya Holt iliungana na nyingine mwaka 1925, ikawa Caterpillar, jina ambalo kila mtu aliyefika kwenye migodi ya Katanga amelisoma ubavuni mwa mashine za njano.

Vita vilikuja baadaye na kuchukua kitu cha mkulima. Kifaru cha kwanza cha majaribio cha Waingereza, Little Willie, kilijengwa mwaka 1915 katika mji wa Lincoln, katika kampuni ya William Foster iliyokuwa ikitengeneza mashine za kilimo. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Septemba 1916, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza, kule Somme, Ufaransa. Tangu siku ile mtu akiona minyororo anakumbuka mizinga, na shamba limesahauliwa.

"Basi mimi sigeuzi kitu," mjomba akasema. "Nakirudisha kwao."

Maneno hayo yalinipendeza, na ningeweza kuyaandika na kumaliza hapo. Lakini kazi ya mwandishi ni kuuliza, nami nilimuuliza mjomba: je, mvuke wenyewe ni kitu cha amani? Maana sisi wa Kalemie tunajua habari nyingine. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwapokonya Wajerumani nguvu juu ya Ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, wakiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda gari la moshi hadi Fungurume, na hapo reli ikaisha. Kutoka Fungurume hadi Sankisia, kuvuka milima ya Mitumba, zilivutwa porini kwa trakta mbili za mvuke na kwa ng'ombe. Trakta hizo zilikunywa maji kuliko ng'ombe wote, tena ilikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya njiani ndio walioyabeba maji kichwani, kutoka mbali, wakayamimina ndani ya vyungu vya chuma. Wanaume wetu walikata miti na kujenga madaraja. Kisha reli tena hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na reli iliyokuwa mpya hadi hapa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann.

Kwa hiyo, nilimwambia mjomba, mvuke nao ulivaa nguo za jeshi, tena katika nchi yetu, na maji yake waliyabeba mama zetu. Hata kifaru chenyewe cha mvuke kiliwahi kujengwa. Mwaka 1918 wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga kimoja, cha tani 50 hivi, wakitumia mashine mbili za mvuke zenye nguvu ya farasi 500 zikijumlishwa, na silaha yake kubwa ilikuwa ya kurusha moto. Kilijengwa kimoja tu.

Mjomba alifikiri kidogo. Akajibu kwamba chuma hakina dini. Tofauti anayoijua yeye ni moja: mvuke hauwezi kukufanyia kazi ukiwa hujui unachofanya. Umeme unabonyeza butoni na kitu kinatembea, hujui kwa nini. Mvuke unakulazimisha kujua maji yako yamefika wapi, moto wako una nguvu gani, na chungu chako kinaweza kubeba nini. "Mtu wa chungu," alisema, "hawezi kuwa mtu wa hasira." Sijui kama ni kweli kwa watu wote wa reli, lakini ni kweli kwa mjomba wangu.

Sasa niseme kazi ilivyofanyika, maana vijana kadhaa wa mtaani wameniuliza.

Bahati yetu ilikuwa katika uzee wa kifaru. Vifaru vingi vya siku hizi vya telekomande vina mota mbili, moja kwa kila mnyororo, na kila mota inaweza kurudi nyuma. Kuvitia mvuke maana yake ni kuweka mashine mbili, kila moja na bomba lake la kugeuza. Hiki cha zamani kilikuwa na mota moja tu katikati, na ambreyaji mbili ndogo. Ukitaka kukata kona kushoto, ambreyaji ya kushoto inaachia, mnyororo wa kushoto unasimama, wa kulia unaendelea. Mashine moja ya mvuke inayozunguka upande mmoja inatosha. Kile ambacho binamu alikiita kitu kisichoguswa kilikuwa kimetengenezwa kana kwamba kinasubiri mvuke.

Mashine yenyewe mjomba aliitengeneza kwa shaba njano, silinda moja inayoyumba. Ni namna rahisi kuliko zote. Silinda inaning'inia juu ya msumari mmoja na kuyumba kushoto na kulia kadiri pistoni inavyokwenda. Ubavuni ina tundu moja. Ikiyumba huku, tundu linakutana na njia ya mvuke unaoingia. Ikiyumba kule, linakutana na njia ya kutokea. Hakuna vali nyingine wala fimbo za kuhesabu. Watoto walielewa kwa kuitazama mara moja, na huo ndio uzuri wake. Kati ya mashine na meno ya kifaru aliweka gurudumu zito, ili pistoni isikwame inapofika mwisho wa njia yake.

Chungu ndicho kilichochukua siku nyingi. Ni kipande cha bomba la shaba nyekundu, kipana sentimita 5, kirefu sentimita 12, unene wa milimita moja na nusu, na vifuniko viwili vya shaba hiyohiyo. Jirani mmoja alikuja na lehemu ya risasi na bati, ile ya kurekebishia redio, akitaka kusaidia. Mjomba alimshukuru na kumrudishia. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye joto la digrii 200 hivi, na mvuke wa bari 3 tayari una digrii 144. Maji yakipungua na moto ukigusa shaba kavu, lehemu inayeyuka na kifuniko kinaruka. Alikwenda kwa fundi wa mafrigo, ambaye ana fimbo za kulehemu zenye fedha ndani yake. Hizo hazilainiki mpaka joto lipite digrii 600. Alilehemu kwa moto wa gazi, polepole, chungu kizima kikiwa chekundu kama kaa la moto.

Kisha akamwita kijana mkubwa wa dada yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, akampa kalamu. Walipiga hesabu pamoja. Bari moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha upana wa sentimita 5 kina sentimita za mraba 19 na nusu hivi. Kwa bari 3, mvuke unakisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 60. "Mfuko wa sementi ni kilo ngapi?" mjomba akauliza. Kijana akajibu: hamsini. Akakitazama kile kichungu kidogo kinachoenea katika kiganja, akanyamaza. Nadhani siku ile alijifunza zaidi ya hesabu.

Kabla ya moto wowote, chungu kilijaribiwa kwa maji baridi. Hapa naomba kila kijana anayesoma asimame na kusoma pole. Chungu hakijaribiwi kwa hewa, wala kwa mvuke. Kinajazwa maji mpaka hewa yote itoke, kisha maji yanasukumwa kwa pompi ya mkono, ile ya grisi iliyosafishwa, huku ukitazama manometa. Mjomba alifika bari 6, mara mbili ya nguvu ya kazi, akaacha robo saa. Sababu yake ni hii: maji hayabanwi. Chungu kikipasuka kikiwa na maji baridi, tone linatoka na sindano ya manometa inaanguka, basi. Hewa na mvuke hubanwa kama kamani, na kikipasuka vinarusha vipande vya shaba usoni mwa watu. Sindano ilishuka kidogo mara ya kwanza, kwa sababu ya tundu dogo kama ncha ya sindano pembeni. Akalehemu upya, akajaribu upya. Mara ya pili haikutikisika.

Juu ya chungu aliweka supapu ya usalama: kipande cha shaba kilichokandamizwa na kamani, kinachofunguka chenyewe mvuke ukifika bari 3. Aliipima kabla ya kuifunga, na akaipima tena baada ya kuifunga. Alisema katika chumba cha moto cha kiwanda kulikuwa na sheria moja ambayo hata mkurugenzi hakuweza kuivunja: mtu akionekana ameitia uzito supapu ili apate nguvu zaidi, anaondoka kazini siku hiyohiyo.

Moto ni wa alkooli ya farmasi, ya digrii 90, katika kikopo chenye utambi. Wengine walipendekeza lutuku, maana iko kila mahali na ni rahisi. Mjomba alicheka na kusema lutuku ina maji mengi, tena kwa kitu kinachoungua katikati ya watoto anataka kujua kilichomo. Tahadhari nyingine ni kwamba moto wa alkooli hauonekani vizuri mchana juani. Unaweza kudhani umezimika, ukamwaga nyingine juu yake. Kwa hiyo kikopo hujazwa kikiwa kimepoa tu, na kinapewa mililita 30 tu. Chungu kinapewa mililita 150 za maji. Hesabu ni kwamba moto ufe kabla maji hayajaisha, kila mara. Usipokumbuka kingine katika makala hii, kumbuka hicho.

Maji ni ya mvua. Maji ya ziwa letu ni matamu kunywa lakini yana chumvichumvi zinazoganda ndani ya chungu, kama zinavyoganda ndani ya birika la mama yangu. Na kwa kuwa bodi ya kifaru ni ya plastiki, ambayo hulainika karibu na joto la maji yanayochemka, mjomba alitandika ndani yake vipande vya makopo ya sardini, na kuacha nafasi ya hewa kati ya bati na plastiki.

Telekomande ilibaki ileile ya zamani, na mota zake ndogo mbili za kuvuta vijiti. Moja sasa inafungua na kufunga bomba la mvuke. Nyingine inavuta ambreyaji. Zinahitaji batri ndogo nne bado. Kijana alimtania mjomba kwamba mvuke wake unaongozwa na umeme. Mjomba akasema hata gari la moshi lilikuwa na taa.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi. Uwanja ulifagiliwa, watoto walikalishwa nyuma ya kamba, ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Dakika sita, saba, hakuna kitu ila harufu ya alkooli. Kisha supapu ikaanza kunong'ona. Mjomba akageuza gurudumu kwa kidole mara mbili, maji yaliyoganda ndani ya silinda yakatemwa nje, na mashine ikashika yenyewe: pu-pu-pu-pu, kama moyo wa kuku mkononi. Kijana akafungua ambreyaji. Minyororo ikatembea. Kilikwenda pole, pole kuliko kobe, kikitoa wingu dogo jeupe, na nyuma yake kikavuta kigari cha mbao chenye tofali mbili za kuchoma. Kilikwenda dakika kumi hivi, kikapunguza mwendo, kikasimama. Moto ulikuwa umekufa, maji bado yamo.

Dada yangu alikuwa ametazama yote kutoka jikoni. Binti yake mdogo, yule ambaye usiku huamka akilia pikipiki inapopiga mlio barabarani, alikuwa mbele kabisa, tumbo juu ya kamba. Akauliza: "Kambo, sasa hii iko kifaru ao iko trakta?" Mjomba akamwambia, "Unaona iko inafanya nini?" Mtoto akasema, "Iko inavuta matofali." Mjomba akasema, "Basi umejibu."

Dada hakusema kwamba amebadili mawazo, nami sitamsingizia. Alisema tu kwamba kikopo cha alkooli kifungwe kabatini na ufunguo akae nao yeye. Mjomba alimpa ufunguo palepale. Tangu siku hiyo hakuna moto unaowashwa bila dada kuwapo, na nimeona kwamba yeye ndiye anayepima zile mililita 30, kwa kikombe cha dawa ya mtoto, akiinama mpaka jicho liwe sawa na mstari.

Binamu wa Ubelgiji alitumiwa video. Alijibu kwamba tumepoteza pesa. Pengine ni kweli, na pesa za masomo tulizitafuta kwa njia nyingine, kwa taabu. Lakini nimekuwa nikifikiri juu ya kile ambacho tungekuwa tumekiuza. Kitu chenyewe bado kipo, na kopo la maziwa lenye mota na skrubu bado liko juu ya kabati. Kisichoweza kuwekwa katika kopo ni mikono ya mjomba. Wenzake wa chumba cha moto wamebaki wachache sana; nikihesabu wale ninaowajua mimi katika mji huu, vidole vya mkono mmoja vinazidi. Ziwani kwenyewe, hata Liemba, ile iliyozaliwa Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916, ikatolewa majini na kurudi kazini mwaka 1927, iliacha mvuke ikachukua dizeli miaka ya 1970. Wanaojua kusikiliza chungu na kusema "hiki kina kiu" wanaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyewauliza.

Ujuzi huo si wa makumbusho. Vyungu vya mvuke bado vinakamua mafuta ya mawese, bado vinachemsha vyombo vya hospitali, na hata sufuria ya presha iliyo jikoni kwa watu wengi ni chungu chenye supapu. Nimeona kwa macho yangu supapu ya sufuria iliyozibwa kwa kijiti kwa sababu "inapiga kelele". Mtu aliyefanya hesabu ya mfuko wa sementi hawezi kufanya hivyo.

Mjomba amekubali kupokea vijana watatu wengine kila Jumamosi mchana, mvua isiponyesha. Hawataanza na moto. Wataanza na pompi ya maji baridi na manometa, na anasema watakaa hapo mpaka wachoke. Anayetaka anione mimi, nitampeleka. Aje na kalamu na daftari, na aje na kipande chochote cha bomba la shaba kinacholala bure kwao, maana shaba katika nchi hii ya shaba imekuwa ghali.

Mwandishi wenu, Kalemie.